Pampu mbili, Luku moja

Tuanze na swali dogo. Jengo la biashara lina pampu mbili za majitaka: moja ikifa, ya pili inashika kazi. Jengo la jirani lina pampu moja tu. Je, la kwanza lina usalama mkubwa zaidi? Wengi wetu tungejibu ndiyo bila kufikiri sana, na kanuni za mabomba zinazonakiliwa sehemu nyingi duniani zinajibu hivyo hivyo.

Leo tunabishana nazo. Pampu mbili ni wazo zuri, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kanuni inahesabu pampu, wakati ilipaswa kuhesabu sababu zinazosimamisha pampu. Mahali kama Umwe, pale Ikwiriri wilayani Rufiji, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kinyesi kitafika kwenye karo au kitarudi kwenye sakafu ya gesti.

Pampu inaingiaje kwenye habari za choo?

Kwa kawaida majitaka hayahitaji pampu. Yanateremka yenyewe: kutoka chooni hadi chemba, kutoka chemba hadi karo, kutoka karo hadi shimo la kunyonyea. Mteremko wa bomba ndio injini, na injini hiyo haidai umeme wala fundi wa usiku.

Sasa chukua jengo la mfano. Liko kando ya barabara iendayo Daraja la Mkapa. Mbele lina fremu sita za biashara, nyuma lina gesti ya vyumba kumi. Kiwanja kinateremka kuelekea bondeni. Kama ilivyo kwa miji midogo mingi ya Tanzania, hakuna bomba kubwa la umma la kupokea majitaka; kila mwenye jengo ana karo lake. Masika yakikolea, maji ya ardhini yanapanda. Ukichimba karo upande wa chini unakuwa kama umechimba kisima. Kwa hiyo fundi analiweka upande wa juu, karibu na barabara.

Umeona kilichotokea? Vyoo vya nyuma sasa viko chini kuliko mdomo wa karo, na maji hayapandi mlima. Hapo ndipo linapochimbwa shimo la pampu: shimo lenye mfuniko, ndani yake pampu ya kuzama na floti. Maji yakipanda, floti inapanda nayo na kuwasha pampu, yakishuka, inazima. Kwenye maghorofa ya mjini yenye maduka chini ya ardhi hadithi ni hiyo hiyo, ila kina ni kikubwa zaidi.

Kanuni zinasemaje

Tuzipe haki yake kwanza. Kanuni ya Marekani inayojulikana kwa kifupi kama UPC inataka shimo la jengo linalotumiwa na umma liwe na pampu mbili zinazopokezana zamu, na kila moja iweze kufanya kazi peke yake pale mzigo unapozidi au mashine inapoharibika. Kanuni nyingine ya huko huko, IPC, inaweka vipimo vya chini kabisa: shimo lisipungue kipenyo cha milimita 457 na kina cha milimita 610, na bomba la kutolea liwe na valvu ya kuzuia maji kurudi pamoja na valvu ya kufunga. Kiwango cha Ulaya, EN 12056-4, kinataka pampu ya pili pale ambapo majitaka hayawezi kusubiri. Kinataka pia ukaguzi kila miezi 3 kwa majengo ya biashara, kila miezi 6 kwa majengo ya familia nyingi, na mara moja kwa mwaka kwa nyumba ya familia moja.

Kuna busara ndani yake. Nyumbani kwako pampu ikifa unaweza kuwaambia watoto, "Jamani, leo tusivute maji." Kwenye gesti hilo haliwezekani. Mgeni wa chumba namba 7 hajui kama kuna pampu, na hana sababu ya kujua. Anavuta maji, anaoga, anaondoka na basi la alfajiri. Ndiyo maana kanuni inakuwa kali zaidi kwa jengo la biashara.

Kasoro iko wapi

Rudi kwenye sababu zinazotajwa na UPC: mzigo kuzidi, au mashine kuharibika. Hizo ni mbili. Sasa tuorodheshe yale yanayoweza kusimamisha usukumaji wa majitaka kwenye jengo letu la mfano:

1. Mota ya pampu imeungua.
2. Umeme umekatika mtaa mzima.
3. Uniti za Luku zimeisha.
4. Floti au kisanduku cha kuwashia, kinachoongoza pampu zote mbili, kimegoma.
5. Kitambaa au pedi imeziba bomba la kutolea ambalo pampu zote mbili zinalitumia.
6. Maji ya mafuriko yameingia kwenye shimo au kwenye kisanduku cha umeme.
7. Karo limejaa kwa sababu ardhi imelowa na haipokei tena.

Pampu ya pili inatibu ngapi kati ya hizo saba? Moja. Ile ya kwanza tu. Nyingine sita zinaziangusha pampu zote mbili kwa pamoja.

Namba tatu usiicheke. Jiulize: kwenye jengo lenye fremu sita na gesti, pampu imeungwa kwenye Luku ya nani? Ikiwa imeungwa kwenye Luku ya mpangaji mmoja, usafi wa jengo zima unategemea kama huyo mpangaji amekumbuka kununua umeme. Akifunga duka akaenda msibani siku tatu, pampu nazo zimekwenda msibani.

Wahandisi wana jina la jambo hili: kushindwa kwa sababu ya pamoja. Mfano unaojulikana zaidi ni Fukushima nchini Japani mwaka 2011. Kituo kile cha nyuklia kilikuwa na majenereta mengi ya akiba, lakini mengi yalikaa sehemu za chini za majengo. Wimbi moja la tsunami likayazima karibu yote. Karibu na kwetu, tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika sehemu kubwa ya Kenya, na katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jenereta la akiba lililopaswa kuhudumia sehemu ya majengo ya abiria halikuwaka. Wasafiri wakabaki gizani. Akiba ilikuwepo kwenye mchoro, ikakosekana saa ilipohitajika.

Hesabu kidogo

Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kila pampu inakuwa mbovu asilimia 2 ya muda, na umeme unakosekana asilimia 3 ya muda. Mwaka una saa 8,760.

Ukiwa na pampu moja, utakosa huduma saa kama 433 kwa mwaka. Ukiongeza ya pili, uwezekano wa zote mbili kuwa mbovu kwa wakati mmoja unashuka hadi asilimia 0.04, yaani saa kama tatu na nusu tu. Hapo muuzaji wa pampu anakupa mkono wa hongera. Lakini umeme haujaguswa. Saa unazokosa huduma zinashuka kutoka 433 hadi kama 266, na karibu zote ni saa za kukatika umeme. Nunua pampu ya tatu, ya nne, hata ya kumi: hutashuka chini ya saa 263.

Na hesabu hii bado imekupendelea, kwa sababu imechukulia kwamba mvua, mafuriko na umeme havijuani. Vinajuana sana. Chukua Aprili 2024. Tarehe 1 ya mwezi huo gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikawa gizani. Mwezi huo huo mafuriko yalikumba Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na makazi. Hatusemi jambo moja lilisababisha jingine. Tunasema jengo lililopo Umwe lilipaswa kustahimili yote mawili ndani ya mwezi mmoja, tena mwezi ambao maji ya ardhini yako juu. Kanuni inayodhani matatizo yatakuja moja moja, kwa foleni, haijaifahamu masika ya Rufiji.

Tenki la juu halina habari

Kuna jambo jingine ambalo michoro mingi hailizungumzii. Kwenye majengo yetu maji safi hukaa kwenye tenki lililoinuliwa juu ya mnara. Umeme ukikatika, maji safi yanaendelea kushuka kama kawaida. Ni jambo zuri, si ndiyo? Kwa mtu anayeoga, ndiyo. Kwa shimo la pampu ni balaa: mlango wa kuingilia uko wazi na wa kutokea umefungwa.

Sasa pima lile shimo dogo kabisa linaloruhusiwa na IPC. Kipenyo milimita 457, kina milimita 610: ukijaza hadi ukingoni unapata kama lita 100. Choo kinachotumia lita 9 kwa kila mvuto kitalijaza kwa mivuto 11, na hapo hatujahesabu mtu hata mmoja anayeoga. Gesti ya vyumba kumi inafanya kazi hiyo kabla jua halijachomoza. Kipimo hicho kiliwekwa ili pampu iingie na ifanye kazi. Hakikuwekwa ili jengo lisubiri umeme urudi. Anayekinakili kama kipimo cha usalama anakitwika mzigo ambao hakikuumbiwa.

"Basi tuchimbe shimo kubwa"

Hilo ndilo jibu la kwanza la mtu yeyote, na lina mantiki. Lakini lina mitego miwili.

Wa kwanza ni gesi. Majitaka yakikaa muda mrefu bila hewa, bakteria wanaotumia salfeti huzalisha haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini ya shimo. Kwa kiasi kidogo unainusa haraka. Kikifika kama sehemu 100 kwa kila milioni, pua inakufa ganzi: harufu inapotea lakini gesi ipo, na ikizidi inaua. Ndiyo sababu unasikia fundi ameshuka kwenye shimo, mwenzake akamfuata kumwokoa, wakafa wote. Ukitoka na jambo moja tu kwenye makala hii, liwe hili: shimo la majitaka halishukiwi kwa sababu "halinuki sana". Pampu ifungwe kwenye reli au mnyororo ili ivutwe ikiwa nje, mtu abaki juu.

Wa pili ni maji ya ardhini. Tenki la plastiki la lita 2,000 likifukiwa tupu, kisha maji ya ardhini yakapanda hadi juu yake, linasukumwa kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji liliyoyaondoa, yaani karibu tani mbili. Lenyewe lina uzito wa makumi ya kilo tu. Bila zege la kulishikilia linaibuka kama boya na kuvunja mabomba. Akimedi alituonya.

Kwa hiyo shimo la kazi libaki la wastani, majitaka yasilale humo. Pembeni liwekwe tenki la dharura lililotiwa zege chini, lenye bomba la hewa, linalopokea maji pale tu pampu zinaposhindwa na linalorudisha maji shimoni umeme ukirudi. Ukubwa wake utokane na swali moja: umeme ukikatika mahali hapa, tunasubiri saa ngapi? Jibu la Umwe halitatoka Chicago.

Mnyororo hauishii kwenye pampu

Kanuni za Marekani na Ulaya zinaandikwa na watu ambao mara nyingi wana bomba la umma upande wa pili. Pampu ikishatupa majitaka huko, kazi ya jengo imekwisha. Sisi upande wa pili tuna karo.

Karo hufanya kazi kwa utulivu: kizito kinazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka taratibu. Pampu kubwa ikilipiga karo kwa mkupuo, inakoroga tope lililokwisha kutulia na kulisukuma hadi kwenye shimo la kunyonyea, ambalo linaziba. Pampu za kusaga ni mbaya zaidi hapa. Zinageuza kinyesi kuwa uji laini usiozama upesi. Kwenye bomba la umma ni msaada, kwenye karo ni adui. Kwetu inafaa pampu ya kupitisha vitu vizima, inayotoa kidogo kidogo, na karo lenye vyumba viwili.

Halafu lile shimo la kunyonyea lenyewe. Ardhi ikishalowa kabisa hainyonyi. Hata ukiwa na pampu mbili, Luku iliyojaa na jenereta linalonguruma, unasukuma majitaka kwenye ardhi isiyo na nafasi. Yatatokea juu, yatafuata mteremko, na kwenye mteremko kuna visima vya watu. Kipindupindu kimekuwa kikiripotiwa Tanzania tangu miaka ya 1970, na njia yake haijabadilika: kinyesi cha mmoja kwenye maji ya mwingine. Hapo suala la pampu linakuwa la bwana afya, limeshampita fundi bomba.

Kilichokuwa kinajulikana tayari

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mpango uliojulikana kama Operesheni Rufiji, wakazi wengi wa bonde walihamishiwa maeneo ya juu. Lakini mashamba yalibaki bondeni, na watu waliendelea kwenda kulima. Huko wanajenga dungu, kibanda juu ya nguzo, sakafu ikiwa juu ya mkondo wa maji. Dungu halina valvu wala floti. Linategemea kitu kimoja tu: sakafu iwe juu kuliko maji.

Kiwango cha Ulaya kina wazo la ukoo huo huo, na ndiyo sehemu yake tunayoisifu kuliko zote. Kinataka bomba la kutolea lipande juu ya usawa wa mafuriko kabla halijashuka, kama shingo ya bata. Valvu ya kuzuia maji kurudi inaweza kukwama kwa kipande cha kitambaa. Shingo ya bata haikwami, kwa sababu ni umbo tu. Na kiwango hicho hicho kinataka vyoo vilivyo juu ya usawa wa mafuriko viteremshe majitaka vyenyewe, pampu ihudumie vile vya chini peke yake. Kwa jengo letu: vyoo vya fremu za mbele vinaweza kuteremka kwenda kwenye karo bila pampu. Umeme ukikatika, jengo linabaki na vyoo vinavyofanya kazi, na meneja anaweza kufunga vile vya nyuma kwa ufunguo na kufunga maji yake.

Ukiwa na uwezo wa kuinua msingi wa sehemu ya nyuma tangu mwanzo, inua. Kifusi na tofali unanunua mara moja. Pampu unailipia kila mwezi hadi jengo livunjwe.

"Mnazidisha gharama"

Hoja hii ni ya haki. Mwenye gesti ya vyumba kumi hana mfuko wa hoteli ya kitalii. Lakini angalia tunachoomba. Pampu ya pili ndiyo kitu cha bei kubwa kwenye orodha, na kanuni tayari inaitaka. Luku ya pekee kwa ajili ya pampu, kengele ya betri ya kuonya maji yakipanda, kisanduku cha umeme kufungwa ukutani juu ya alama ya mafuriko badala ya kando ya shimo, valvu ya kufunga maji safi ya vyoo vya chini: hivyo kwa pamoja havifiki mbali. Tukilazimishwa kuchagua kati ya pampu ya pili ndani ya shimo na pampu moja nzuri yenye umeme wa akiba, huku nyingine ikisubiri kwenye stoo kavu, kwa Umwe tungefikiria kwa uzito hilo la pili. Kanuni ilivyoandikwa haituruhusu hata kuuliza.

Na wakati wa kuuliza ni sasa. Kenya ilitoa kanuni mpya ya majengo mwaka 2024 kuchukua nafasi ya ile ya 1968. Yaani kipengele kikishaandikwa kinaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Wanafunzi wa uhandisi mnaosoma hapa, wengi wenu ndio mtakaokaa kwenye kamati za kuandika za kwetu. Mkifika kwenye kipengele cha pampu, msiandike "ziwe mbili" mkageuza ukurasa. Andikeni kwamba hitilafu moja, iwe ya mashine, ya umeme, ya kuziba au ya mafuriko, isitoshe kurudisha majitaka ndani ya jengo. Idadi ya pampu itajipanga yenyewe.

Kwa wewe ambaye si mhandisi lakini unapanga fremu au una gesti yenye shimo la pampu, kuna jaribio la dakika chache. Siku yenye wateja wachache, zima swichi kuu. Fungua maji safi kwenye vyoo vya chini, ukihesabu ndoo. Angalia mambo matatu: ni ndoo ngapi zinaingia kabla maji hayajakaribia usawa wa sakafu, kama kuna kengele yoyote inayolia, na kama yupo mtu jengoni anayejua valvu ya kufunga iko wapi. Ikiwa kengele haikulia na valvu haijulikani ilipo, pampu zako ziwe mbili au tano, mpigie fundi kabla ya masika.